Kilomita 21 za Moshi na Baba: shajara ya wiki kumi

Wiki ya 1

Naanza kuandika leo ili nisijidanganye mwenyewe huko mbele. Mwaka jana Kili Marathon, ile mbio ya Moshi, nilikimbia nusu, kilomita 21, nikamaliza kwa 2:04:38. Ndo muda wangu bora mpaka leo. Mwaka huu nataka chini ya saa mbili, na safari hii siendi peke yangu. Mdogo wangu wa kiume anaingia 21 na anautafuta muda wake, mume wangu na watoto wetu wawili wanaingia kilomita 5, Mama anakuja kutushangilia, na Baba, miaka 63, dereva wa lori mstaafu, kasema na yeye anakimbia 21 zote.

Hii ya Baba ilianza usiku wa Septemba 15, 2025. Marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia kule Tokyo kwa saa zetu ilianza saa saba na nusu usiku, sisi tukabaki macho sebuleni, Mama kajifunga kanga anasinzia kwenye kochi. Wengi mliiona ile, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wanaingia uwanjani karibu pamoja, mita za mwisho Simbu anamfuata anamfuata, wote wanapewa 2:09:48 alafu picha inaonyesha Simbu kamzidi kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Baba hakupiga kelele maana wajukuu walikua wamelala, alisimama tu kashika kichwa kwa mikono miwili, alafu akatoka barazani akakaa huko peke yake mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi wakati wa chai akaniuliza, "Mwanangu, ile mbio yenu ya Moshi, mzee anaruhusiwa?"

Nikamwambia anaruhusiwa ila kwanza tunapita kwa daktari. Tukaenda, presha 138 kwa 84, sukari sawa, moyo ukapimwa kwa zile waya za kifuani, daktari akamwambia aanze kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana na akisikia kifua kinabana au kizunguzungu asimame palepale. Mama aliyasikia yote yale kwa masikio yake ndo akaridhika.

Kwahiyo tangu Oktoba Baba anatembea dakika nne anakimbia moja, sasa hivi kafika kukimbia nne kutembea moja. Jumamosi hii tulifanya kilomita 8 mimi, Baba na mdogo wangu huku kwetu Goba, Dar, mimi 6:20 kwa kilomita, bila kuangalia saa sana.

Wiki ya 2

Krismasi tuko Iringa kwa bibi. Nilidhani wiki hii itapotea kumbe ndo imenipa kitu kikubwa kuliko vyote mpaka sasa, ngoja niiandike vizuri.

Kwanza niseme tatizo langu la mwaka jana. Njia ya nusu marathoni ya Moshi inaanzia Uwanja wa Ushirika, unapita mjini, alafu unaanza kupanda kuelekea Mweka, unapanda na kupanda, unageuka huko juu unarudi njia ileile unashuka mpaka uwanjani. Yaani nusu ya kwanza karibu yote ni mlima na nusu ya pili karibu yote ni mteremko. Mwaka jana nilipanda kwa 61:40, nikajiona mkali, nikajua sasa nashuka nawakamata wote. Nilishuka kwa 62:58. Nilishuka TARATIBU kuliko nilivyopanda. Mapaja ya mbele yalikua kama yamepigwa rungu, kila hatua natua na kisigino najizuia, watu wananipita kulia na kushoto, na siku mbili baadae nilikua siwezi kushuka ngazi za nyumbani bila kushika ukuta.

Sasa tuko kwenye basi tunapanda Kitonga. Baba kaipita hii njia miaka 27, Dar mpaka Tunduma, akiwa na mzigo wa tani thelathini nyuma yake, akifika Kitonga huwa anakaa wima kwenye siti kama bado ndo anaendesha yeye. Lori moja mbele yetu linashuka upande wa pili, linanguruma polepole. Akaniambia, "Unaisikia hiyo injini? Huyo ni dereva. Mlima unashuka na gia uliyopandia. Ukishuka na breki, breki zinashika moto, ukifika katikati hauna breki wala hauna gia."

Nikakaa kimya kama dakika mbili hivi. Alafu nikamwambia Baba, mwaka jana mimi nilishuka Mweka na breki.

Akacheka, akasema sasa mguu gia yake ni nini? Tukaanza kubishana pale kwenye siti na mdogo wangu akaingia, mwisho tukakubaliana gia ya mkimbiaji ni idadi ya hatua. Siyo urefu wa hatua, ni idadi. Jioni tukatoka pale karibu na Gangilonga, ule mji ni milima mitupu na uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, pumzi inakatika mapema sisi wa Dar, tukapima: unahesabu mguu wa kushoto unavyogusa chini kwa sekunde 30. Tambarare mimi napata 43. Nikipanda hesabu ilikua inapungua hadi 38, navuta hatua ndefu kama nataka kuumaliza mlima kwa hasira. Kuteremka napata 39, hatua ndefu, kisigino mbele, breki.

Basi kazi ya hizi wiki ni hiyo. 43 kupanda, 43 tambarare, 43 kushuka. Hatua fupi ukipanda, ikiteremka unaiachia irefuke yenyewe kwa nyuma ila mguu unatua chini ya mwili, sio mbele yako.

Baba yake ni 40. Aliipima mara tatu, 40, 40, 40.

Wiki ya 3

Tumerudi Dar. Joto. Mbio mbili tu, kilomita 6 na 7. Watoto wana mafua.

Wiki ya 4

Joto la Januari la Dar ni kitu kingine jamani. Tunatoka saa kumi na nusu alfajiri na bado fulana inalowa kabla ya kilomita ya pili. Tunavaa jaketi za rifleta zile za mafundi wa barabara, nilinunua tatu Kariakoo, maana bodaboda za alfajiri hazina huruma na upande wetu kuna vipande havina taa.

Nimeanza mazoezi ya mteremko. Kuna kilima hapa Goba kama mita 700 hivi, lami nzuri. Napanda mara nne nashuka mara nne, kushuka ndo kazi, kupanda ni nauli tu. Mara ya kwanza nilifanya mara nne na kesho yake mapaja yaliuma kuliko siku ya kwanza ya jeshi, ndivyo alivyosema mdogo wangu aliyepita JKT. Nimesoma kwanini: ukiteremka msuli wa paja la mbele unafanya kazi huku unavutwa urefuke, ndo unachanika vichaniko vidogovidogo, na maumivu yanakuja kesho yake na keshokutwa, siyo siku ileile. Ila uzuri wake ni kwamba msuli ukishapitia hivo mara moja mbili unajifunza, mara ya tatu hauumii vile. Kwahiyo dawa ya mteremko ni mteremko, kidogokidogo, na mapema, siyo wiki ya mwisho.

Wiki ya 5

Mara sita kile kilima, maumivu nusu ya wiki iliyopita. Kweli msuli unajifunza!

Hesabu ya kuteremka 42, 43, 42. Kupanda 41. Bado.

Kilomita 13 Jumamosi. Kamba ya kiatu cha kulia ilifunguka mara mbili, hizi kamba za duara zinateleza. Viatu ni mtumba wa soko la Karume, vizima kabisa, soli bado nene, ila kamba nibadilishe.

Nimepiga hesabu ya siku yenyewe. Njia ni kilomita 21.1, nusu yake 10.55. Nikipanda kwa 6:10 kwa kilomita nageuka Mweka kwenye dakika 65. Nikishuka kwa 5:12 natumia 54:50. Jumla kama 1:59:50. Yaani mpango wangu ni kupanda dakika tatu na zaidi TARATIBU kuliko mwaka jana ili niwahi karibu dakika tano. Nimemwonyesha mume wangu hii hesabu kwenye daftari akaniuliza mara mbili kama nimeandika sawa. Nimeandika sawa. Lakini naelewa anachouliza, kwa sababu ukiwa pale na watu wanakupita kupanda, roho inataka kuwafuata.

Wiki ya 6

Mizani. Jumamosi nilijipima kabla na baada ya kilomita 14: 64.2 nikatoka, 62.5 nikarudi, na njiani nilikunywa nusu lita. Yaani nimetoa zaidi ya lita mbili za jasho kwa saa moja na nusu. Hapo ndo nikaelewa kwanini kila Jumamosi mchana kichwa kinagonga na nawafokea watoto bila sababu. Sasa kila mmoja wetu anabeba chupa, na nyumbani tunatengeneza maji ya sukari na chumvi, lita moja sukari vijiko vidogo sita chumvi nusu kijiko kidogo, ile ya mtoto mwenye kuhara, tunakamulia ndimu. Madafu pia tukiyapata. Baba alikua hanywi kabisa njiani, tabia ya dereva wa masafa, hutaki kusimama kila saa kuchimba dawa. Tumemkalisha chini na Mama tukamwambia hapana Baba, hapa utakunywa. Akasema sawa. Jumapili nikamwona anakunywa bila kukumbushwa.

Baba leo kakimbia kilomita 12. Sijui niandike nini kuhusu hilo. Nilikimbia naye kilomita tatu za mwisho, yuko kimya, mabega yamelegea, anatazama mita kumi mbele yake kama yuko kwenye usukani.

Wiki ya 7

Mdogo wangu kaumia nyama ya nyuma ya mguu, si sana, kapumzika siku tano. Alikua anakimbia kasi kila siku, hana siku nyepesi. Nimemsema mimi, kamsema Baba, kamsema Mama, sasa kaelewa.

Wiki ya 8

Mbio ndefu kuliko zote: kilomita 18, barabara ya Goba kwenda Mbezi Luis na kurudi na kuongeza vipande, vilima juu ya vilima. 1:47:20. Kupanda 43! Mara ya kwanza nimepata 43 nikiwa napanda na nimechoka. Siri niliyoipata ni mikono, ukiipeleka mikono haraka na fupi miguu inafuata yenyewe, miguu haina ujanja.

Baba kilomita 15. Kesho yake kaenda sokoni kwa miguu.

Wiki ya 9

Tunapunguza. Kilomita 8, 6, 5. Mwili unataka kukimbia, naunyima. Kuna gesti tuliyolipia Moshi tangu Desemba wametupigia kwamba vyumba vyetu vimepewa watu wengine, wiki ya marathoni mji wote unajaa, nilikasirika sana mpaka nikalia kidogo chooni. Shemeji wa rafiki yangu katupa nyumba yake, vyumba viwili, tutalala kwa kubanana. Mungu ambariki.

Wiki ya 10, mpaka Jumamosi

Basi la saa kumi na moja alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, chakula Mombo, Same, Mwanga, watoto wanauliza mlima uko wapi tangu Segera. Ulikua umefunikwa na mawingu siku nzima. Jioni kama saa kumi na mbili kasoro mawingu yakafunguka, Kibo kikatokea na theluji yake ina rangi ya waridi, binti yangu akanyamaza. Baba akavua kofia.

Tumechukua namba. Tumekula ndizi na samaki, chumvi ya kutosha, hamna vitu vipya. Vaselini kwapani na mapajani iko tayari. Nguo zimepangwa chini kila mtu rundo lake.

Siku ya mbio

Naandika usiku huu, wote wamelala, miguu iko juu ya mto.

Tuliamka saa kumi. Uji wa ulezi, kikombe kimoja. Uwanja wa Ushirika ulikua umejaa watu wa kila aina, na mlima uko wazi kabisa, hauna hata wingu, ile baridi nzuri ya asubuhi ambayo sisi wa Dar tunaitamani mwaka mzima. Baba katukusanya sisi wote tukashikana mikono pale, kaomba kwa kifupi, alafu akaniambia mimi peke yangu, "Usinisubiri. Na usigeuke nyuma. Mimi nina gia yangu."

Kilomita mbili za kwanza ni kukwepa watu tu. Kilomita ya tano nilipita kwa 30:40. Hapo mlima ukaanza kweli. Watu wakaanza kunipita, wengi, dada mmoja mwenye fulana ya njano ambaye nilikua nimemzoea tangu kilomita ya kwanza akanipita pia na roho ikasema mfuate. Nikahesabu. Kushoto, kushoto, kushoto. 43. Nikamwacha aende.

Huko juu ni migomba na kahawa pande zote mbili, kina mama wametoka getini na vitoto vimenyoosha mikono vinataka kugongwa viganja, vinapiga kelele mama kaza, mama kaza. Nilivigonga vyote vya upande wangu. Nikageuka kwenye 66:10. Nimechelewa dakika moja na sekunde kumi kwenye mpango. Saa yangu ilisema nimepanda mita 300 hivi. Lakini miguu ilikua mizima! Naomba niirudie hii: miguu ilikua mizima, pale pale ambapo mwaka jana ilikua imekwisha.

Nikaanza kushuka. Mita mia za kwanza nilisikia ile tamaa ya kurusha mguu mbele, nikaukata, nikahesabu, 43, nikaegemea mbele kidogo kuanzia vifundoni na nikaachia. Kilomita ya kwanza ya mteremko 4:58. Sijawahi kuona namba hiyo kwenye saa yangu nikiwa nimeshakimbia kumi. Nikawa nawapita sasa mimi, mmoja mmoja, na unasikia breki zao, zile hatua nzito pa, pa, pa. Dada wa fulana ya njano nilimkuta kashika paja pembeni ya barabara, nikampa maji yangu yaliyobaki.

Karibu na kilomita ya kumi na mbili na nusu nikamwona Baba anapanda. Kofia nyeupe. Anakimbia, hatembei. Nilihama nikaenda upande wake wa barabara na nikanyoosha kiganja kama wale watoto, akakigonga, hakusema kitu, akanionyesha kidole kule chini. Nenda.

Kilomita ya 16 kamba ya kiatu cha kulia ikafunguka. Ile ile. Nilijaribu kukimbia nayo, ikanipiga mguu wa pili, nikasimama, vidole vinatetemeka na jasho, nikafunga fundo mara mbili. Saa inaonyesha nimesimama sekunde 21. Baada ya hapo nilikimbia kwa nguvu zote nilizonazo, kilomita mbili za mwisho sikuhesabu chochote, nilikua nalia kidogo na nashangiliwa na watu nisiowajua, nikaingia uwanjani nikaona saa kubwa kwa mbali, nikakimbia kama naikimbiza nafsi yangu.

2:00:14 kwa saa yangu.

Kushuka 54:04. Mwaka jana 62:58. Muda wangu bora kwa dakika nne na sekunde 24, na saa mbili zimenishinda kwa sekunde 14. Nilikaa chini kwenye nyasi na medali shingoni na nikasikia vyote viwili kwa wakati mmoja, furaha mpaka kifua kinauma na ule uchungu, kwa sababu kamba niliiandika mwenyewe kwenye hii shajara wiki ya tano na sikuibadilisha.

Mdogo wangu 1:34:10, muda wake bora pia, ila alipanda kwa kasi na mteremko ulimla. Watoto walimaliza kilomita 5 na baba yao, yule mdogo mita mia mbili za mwisho alibebwa, alishushwa avuke mstari kwa miguu yake.

Alafu tukasimama wote na Mama karibu na lango kumsubiri Baba. Saa mbili na nusu zikapita. Mama kashika chupa ya maji kaikamua mpaka imebonyea. Saa mbili na dakika arobaini. Mdogo wangu akasema naenda kumfuata, Mama akamshika mkono. Na mimi nikaiona ile kofia nyeupe inaingia langoni, mabega yamelegea, macho mita kumi mbele, vijana wawili wanatembea yeye anawapita anakimbia. Nikabonyeza saa nikahesabu mguu wake wa kushoto kwa sekunde 30.

40.

2:49:05. Mama alimfuta uso kwa kanga mbele za watu wote.

Jumatatu, ndani ya basi

Tumesimama Mombo. Baba anashuka ngazi za basi mwenyewe, mtoto wa watu wa siti ya mbele amempisha na shikamoo juu. Mtori wa jana usiku Moshi tulikula bakuli mbili mbili, na bado wote tuna njaa tena.

Mapaja yangu yanauma kiasi tu. Nimejaribu kushuka ngazi bila kushika kitu, nimeweza.

Hapo stendi kuna kijana anatembeza soksi, chaja na kamba za viatu. Nimenunua za bapa, jozi mbili, na nimezivalisha palepale kwenye siti kabla basi halijaondoka, cha kulia kwanza.